Jasho Lililokatwa Kodi Mara Mbili

SEHEMU YA TISA

Sahihi ilikuwa yake.

Wale mlioninunia wiki nzima kwa kuwaacha roho juu, zishusheni, jibu ndilo hilo. Mama Risiti alikuwa amepiga kaunta ya dirisha namba nne kwa kiganja, akafoka mbele ya foleni nzima: "Namtaka huyo mpumbavu aliyejaza fomu hii!" Afisa wa mfuko wa pensheni, mwanamke wa makamo mwenye miwani na subira iliyopitiliza, hakubishana naye. Aliigeuza skrini ya kompyuta taratibu ili mama ajionee mwenyewe.

Akajionea. Chini ya fomu, mahali pa karani wa mishahara, palikuwa na ile sahihi yenye mkia mrefu anayoiweka kila mahali, hata kwenye kadi za michango ya harusi.

"Ni wewe, mama," Afisa alisema kwa sauti ya chini. "Au kuna mwingine mwenye jina hili?"

Hakuwapo mwingine. Mama Risiti alikuwa karani wa mishahara wa kiwanda cha nguo kwa miaka ishirini na sita mpaka alipostaafu, na jina lake la utani alilipata kwa halali. Bila risiti hakumrudishia mtu hata hela ya sabuni. Wafumaji walikuwa wakisema mama huyu hata ukimpa pole msibani atakudai risiti. Leo alikuwa amemsindikiza shemeji yake, fundi wa boila la mvuke wa kiwanda hicho hicho na mume wa marehemu mdogo wake, aje kuchukua akiba yake ya uzeeni. Alikuja kumpigania. Kumbe adui aliyekuwa akimtafuta alikuwa ameingia naye mlangoni, ndani ya gauni lake mwenyewe.

"Shemeji, wanasemaje?" fundi aliuliza kutoka nyuma.

Masikio yake yalibaki kwenye kelele za boila zamani. Ukitaka akusikie, simama upande wa kulia na upaze sauti, vinginevyo unaongea na ukuta.

"Subiri kidogo, shemeji!" Mama Risiti alijibu, na sauti ikamtoka nyembamba kuliko alivyotaka.

Sasa ndugu wasomaji, tuelewane kidogo kuhusu hesabu, nami nitaisema haraka kabla hamjafunua ukurasa wa michezo. Kila mwezi, mshahara wa fundi ulipokwisha kukatwa kodi, aliomba akatwe na kiasi kingine cha kuweka kwenye mfuko kwa hiari yake. Kwa miaka kumi na miwili jasho hilo lilifika milioni nane. Mfuko ukalizungusha, likazaa, zikawa milioni kumi. Siku ya kutoa, sheria inasema kilichokwisha kukatwa kodi hakikatwi tena. Serikali inachukua fungu moja katika matano ya kile kilichozaliwa tu. Kilichozaliwa ni milioni mbili, kwa hiyo kodi ni laki nne, na mzee anatoka na milioni tisa na laki sita mkononi.

Lakini fomu ina safu mbili. Ya kwanza ni ya fedha ambazo kodi haijazigusa. Ya pili, ambayo iko ukurasa wa nyuma na inadai orodha ya majina iambatishwe, ni ya fedha ambazo kodi imekwisha kupita. Karani alikuwa ameandika kila kitu safu ya kwanza. Kompyuta, ambayo haijui jasho la mtu, iliona milioni kumi ambazo hazijawahi kukatwa senti, ikadai fungu lake kwenye zote. Milioni mbili!

Zingebaki nane. Na fundi alihitaji tisa kamili kabla ya kesho saa sita mchana. Nyumba aliyopanga kwa miaka kumi na minane ilikuwa inauzwa, na mwenye nyumba alikuwa amempa nafasi ya kwanza mpaka hapo. Baada ya hapo kulikuwa na mteja mwingine, aliyekwisha kupima dirisha la chumba cha fundi kwa futi ili ajue pazia la kununua.

Fundi alichoka kusubiri, akajisogeza mpaka kaunta.

"Binti yangu," alimwambia Afisa, "kama tatizo ni hiyo faida, basi ibaki humo humo. Nipe tu kile nilichoweka mwenyewe, milioni zangu nane, na hiyo moja iliyopungua nitambembeleza mwenye nyumba. Zile mbili nitakuja kuzigombania siku nyingine."

"Haiwezekani, mzee," Afisa alipaza sauti. "Ukishakoroga sukari kwenye chai, huwezi kunywa chai ukaiacha sukari. Kila shilingi inayotoka hapa imebeba vyote viwili, jasho na faida. Ukitoa kidogo, vinatoka kidogo vyote. Ukitoa zote, vinatoka vyote."

"Na mimi chai yangu nanywa bila sukari," fundi alisema, na foleni ikacheka.

Mama Risiti hakucheka. Alimwinamia Afisa. "Hili linarekebishika?"

"Linarekebishika vizuri tu. Karani aliyejaza anaandika tamko kwamba michango ilikatwa baada ya kodi. Leo napiga mhuri, kesho asubuhi pesa iko benki. Makosa yapo, mama. Hata mimi mwaka jana nilimstaafisha mtu wa miaka thelathini."

Oh, mama akapumua! Rangi ilimrudi. Alichukua kalamu kabla hajapewa. Kosa tu, kosa la kalamu, nani hajawahi?

Afisa akafungua jalada la kiwanda kutafuta namba ya mwajiri. Akafunua karatasi ya kwanza, ya pili. Kwenye ya tatu mkono wake ukasimama.

"Mama," alisema. "Na hii barua je?"

Ilikuwa barua ya miaka tisa iliyopita. Mfuko ulikuwa umemwandikia karani wa mishahara kwamba mwanachama mmoja amelalamika akiba yake ya hiari imekatwa kodi mara mbili. Je, michango iliyo safu ya kwanza kweli ilikuwa haijakatwa kodi? Thibitisha. Chini yake kulikuwa na jibu la mistari miwili, lenye mhuri wa kiwanda na ile sahihi yenye mkia.

*Taarifa ni sahihi. Mwanachama hakuelewa.*

Na jina la huyo mwanachama asiyeelewa lilikuwa la mdogo wake.

Mama Risiti aliona haya. Alitaka kuifunika barua ile kwa mkono, kama mtu anayefunika nguo iliyochanika.

"Tamko lina visanduku viwili," Afisa alisema, na sasa subira yake ilikuwa imepungua. "Cha kwanza, nilikosea bila kujua. Cha pili, nilikosea na nikajua. Ukitia alama hiki cha kwanza wakati barua hii imo humu, nitakuwa nimepiga mhuri kwenye uongo, na mimi nina watoto wanaonitegemea."

"Na nikitia cha pili?"

"Shemeji yako analipwa. Na wengine wote uliowajazia, thelathini na tisa, hata waliokwisha kulipwa, watarudishiwa chao. Ila pensheni yako wewe itasimamishwa mpaka uchunguzi uishe." Alitazama saa ya ukutani. "Dirisha nafunga saa tisa."

Ilikuwa saa saba na nusu.

"Shemeji, vipi?" fundi aliuliza.

Hapo ndipo mama yetu, mwanamke aliyewahi kumrudisha meneja mlangoni kwa sababu ya risiti ya vitumbua, alipofungua mdomo akadanganya.

"Mtandao umekatika!" alisema kwa nguvu. "Wanasema tukae kwenye benchi!"

Wakakaa. Dakika mbili baadaye Afisa aliita namba arobaini na saba, na mzee mwenye bakora akaenda, akahudumiwa, akaondoka na karatasi yake akiipepea.

"Mbona yule kahudumiwa?" fundi aliuliza.

"Yule... yeye yuko mtandao mwingine."

"Aa," fundi alisema, akaridhika. Au alionekana ameridhika. Mtu asiyesikia vizuri uso wake haukwambii mengi.

Akaanza kuzungumza, na heri angenyamaza. "Unajua, shemeji, kule boila vijana walikuwa wakiniuliza, hii hela tunayokatwa iko salama kweli? Nawaambia, laleni. Iko kwa shemeji yangu. Huyo hata nzi akitua kwenye daftari lake anamwuliza ametoka wapi."

Mama Risiti alitamani ardhi ipasuke immeze, benchi na yote. Kila neno la sifa lilikuwa linamvua nguo moja.

Maana alikumbuka vyema. Mdogo wake, aliyekuwa akifunga marobota kwenye idara ya upakiaji, alikuja kwenye dirisha la mishahara amejifunga kitambaa kichwani, nywele zimekwisha kwa dawa za hospitali. Alikuwa ametoa akiba yake yote ya miaka mitatu ili atibiwe. "Dada," alisema, "mbona wamenikata kodi? Hii hela si ilikatwa kodi kwenye mshahara kabla hujaichukua?" Naye dada, bila kuinua macho kwenye makaratasi, akamjibu, "Ndivyo sheria ilivyo, mdogo wangu."

Siku ile alikuwa hajui. Hilo tumpe, ni haki yake. Wiki iliyofuata barua ya mfuko ikaja, akafungua mafaili, na hapo akajua. Alijikumbuka mwezi wa kwanza kabisa, orodha ya majina ilipochelewa kutoka ofisi ya utumishi na fomu ilitakiwa ifike kabla ya tarehe tano. Akaandika vyote safu ya kwanza, jumla ikalingana, mfuko ukapokea bila neno. Mwezi uliofuata akafanya vile vile. Jumla ikalingana tena. Karani akiona jumla imelingana huwa hana swali jingine duniani.

Kurekebisha kulikuwa na maana ya kwenda kwa meneja na kusema, nimekosea watu arobaini kwa miaka mitatu. Na mwezi ule ndipo walipokuwa wanamchagua karani mkuu. Akaandika mistari yake miwili. Akapata ukarani mkuu, na hela za watu akaendelea kuziandika safu ile ile kwa miaka tisa mingine, kwa sababu angebadilisha safu watu wangeuliza kwa nini. Amejionea haya kila tarehe tano ya kila mwezi, lakini haya ya mtu aliyejifungia mlango, ambayo haimgharimu chochote.

"Shemeji," alisema ghafla, upande wa kulia. "Kwa nini tuhangaike na hawa watu? Chukua hizo nane. Mimi benki nina milioni na nusu, nitakupa moja. Utanirudishia hata miaka kumi."

Fundi alimtazama. "Nikope?"

"Ndiyo."

"Shemeji, kwa nini nikope jasho langu mwenyewe?"

Saa ilionyesha saa nane na dakika kumi. Alikaa kidogo, mikono imekumbatia mkoba, halafu akasimama kama mtu anayeitwa kwenye chumba cha daktari, akaenda dirisha namba nne, akaomba fomu ya tamko. Akatia alama kisanduku cha pili. Kwenye nafasi ya maelezo akaandika yote, na mara hii hakuandika mistari miwili. Aliandika mpaka karatasi ikaisha, akageuza nyuma.

Mnadhani yamekwisha? Hata mimi nilidhani.

"Utaratibu, mama," Afisa alisema baada ya kusoma, na hakumtazama usoni. "Tamko husomwa mbele ya mwanachama. Akiridhika anasaini hapa, ndipo nagonga mhuri. Mzee, njoo usome!"

Fundi alikuja akipapasa mifuko ya shati. "Miwani nimeiacha nyumbani."

"Basi nitakusomea. *Mimi niliyetia sahihi hapa chini...*"

"Sikusikii, binti."

Akapandisha sauti. Fundi akatikisa kichwa. Kioo cha dirisha kilikuwa na kitobo kidogo tu cha kusemea, na sauti ya Afisa ilikuwa ya mtu aliyezoea ofisi. Akakata tamaa, akaipitisha karatasi chini ya kioo.

"Mama, msomee wewe. Nyinyi mmezoeana."

Ukumbi ulikuwa na watu wapatao ishirini. Wastaafu, wajane, mwalimu mmoja anayesinzia. Wawili watatu aliwafahamu tangu kiwandani. Mama Risiti alishika karatasi kwa mikono miwili.

"Mimi niliyetia sahihi hapa chini," alianza.

"Paza sauti, shemeji."

"MIMI NILIYETIA SAHIHI HAPA CHINI, NILIYEKUWA KARANI WA MISHAHARA..."

Mwalimu akazinduka.

Akasoma. Akasoma kuhusu safu ya kwanza na safu ya pili, kwa sauti ya mtu anayenadi nyanya. Kila sentensi ilimrudia kutoka kwenye kuta. Alipofika mahali pa barua akashusha sauti.

"Sijasikia hapo," fundi alisema. "Rudia."

"Nilipoulizwa na mfuko, nilikuwa nimekwisha kugundua kosa, lakini nikajibu kwamba..."

"Rudia, shemeji."

"NILIJIBU KWAMBA TAARIFA NI SAHIHI! NA KWAMBA MWANACHAMA HAKUELEWA! MWANACHAMA HUYO ALIKUWA MDOGO WANGU WA TUMBO MOJA, NA ALIKUWA MGONJWA!"

Mtu mmoja nyuma akasema "Mh!" na hakuna aliyemkataza. Machozi yalikuwa yanamtiririka mama, na hakuwa na mkono wa kuyafuta kwa sababu yote miwili ilishika karatasi. Aibu niliyowahi kuiona kwa macho yangu ni nyingi, lakini ya kujisomea mwenyewe kwa kelele mbele ya foleni, sijaiona bado.

Fundi hakuichukua kalamu aliyopewa. Alivaa kofia yake akatoka nje.

"Mzee! Hujasaini!" Afisa aliita. Ilikuwa saa tisa kasoro dakika kumi na tano.

Mama Risiti alimfuata mbio, mkoba ukimgonga nyongani. Alimkuta kwenye ngazi za nje, amekaa, anatazama pikipiki zilizoegeshwa.

"Shemeji, nipige," alisema. "Nitukane. Lakini rudi ndani usaini. Nyumba itakupotea."

"Nilisikia mara ya kwanza," fundi alisema.

"Nini?"

"Pale ndani. Nilisikia uliposoma mara ya kwanza. Nilitaka kusikia tena."

Alivua kofia, akaiweka gotini.

"Na nilijua, shemeji. Nimejua miaka tisa. Jibu lako mfuko walimpelekea nakala yeye aliyelalamika. Aliisoma kitandani pale hospitali mara tatu. Mimi nikasema nakwenda kwa dada yako sasa hivi. Akanishika shati. Akasema, usimwulize. Akiulizwa atajitetea. Mwache, atasema mwenyewe. Dada yangu namjua." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na hilo ndilo lililokuwa linachoma. "Akaniapisha. Wiki ile ile akafa. Nikawa nasubiri useme. Msibani nikasubiri. Arobaini ikapita nikasubiri. Sikukuu ukija na watoto nasubiri. Ukawa unaleta sukari na mchele, husemi."

Mama Risiti alikaa chini pale pale, kwenye ngazi yenye vumbi, na gauni lake la kwendea ofisini. Alitaka kusema nisamehe, neno likawa dogo mno hata akaona aibu kulitoa. Miaka tisa alidhani amekificha kitu. Kumbe alikuwa anatembea nacho mgongoni, na mtu aliyekuwa nyuma yake alikuwa anakisoma kila siku.

"Ndiyo maana leo ukaniomba nikusindikize," alisema.

"Njia ya hapa naijua mwenyewe."

Mlango ukafunguliwa. Afisa alitoa kichwa. "Jamani, dakika tano. Mnasaini au hamsaini?"

Fundi hakumgeukia. "Hili nakuachia wewe," alimwambia shemeji yake. "Nikisaini, napata nyumba, na wenzangu thelathini na tisa wanapata chao. Wewe pensheni inasimama, na mtaa mzima utajua kabla ya jioni. Nisiposaini, ile karatasi inachanwa, tunarudi kama tulivyokuja, nami nitatafuta chumba kwingine. Siwezi kukuamulia. Nikikuamulia nitakuwa nimefanya kwa hasira."

Mnajua mtu akiwa na mlango wa kutokea huwa anautazama. Mama Risiti aliutazama. Sitamsingizia, aliutazama kwa muda wa pumzi tatu nzima. Katika pumzi hizo alimwona karani mkuu, Mama Risiti, jina safi, hela inayoingia kila mwezi.

"Saini," alisema.

"Sikusikii."

"Saini, shemeji! SAINI!"

Akasaini. Kwa herufi kubwa kubwa, bila miwani, akapitiliza mstari. Afisa akagonga mhuri saa tisa kasoro dakika moja, akashusha pazia la dirisha, na kwa mara ya kwanza siku ile akasema, "Pole, mama," na hatujui alimaanisha nini.

Walitoka pamoja mpaka njia panda, hawazungumzi. Pale ndipo fundi aliposimama.

"Kesho nitakuwa na nyumba," alisema. "Utakaribishwa. Watoto wa mdogo wako wapo, ni wako. Ila usikanyage kabla hujamwambia mama yenu."

"Mama? Shemeji, mama ana miaka themanini. Kwa nini mama?"

"Umesahau dozi?"

Hakuwa amesahau. Daktari aliandika dozi sita. Akiba ya mgonjwa, baada ya kukatwa kodi isiyostahili, ilitosha nne. Dozi ya tano ilipatikana kwa sababu mama yao, aliyekuwa fundi cherehani kwa miaka arobaini, aliiuza cherehani yake. Ya sita haikupatikana.

"Daktari alisema hata ya sita isingebadilisha kitu," fundi alisema. "Labda. Mimi hiyo labda ndiyo ninayolala nayo. Lakini mama anaamini kilichopungua ni cherehani. Mpaka leo anasema, ningekuwa nazo mbili ningemwokoa mwanangu. Anajilaumu yeye. Na anaishi kwako, shemeji. Anakula mezani kwako."

Akavuka barabara bila kuaga.

Mama Risiti alifika nyumbani kwake jua likiwa bado kali. Alisimama mlangoni muda mrefu, ufunguo mkononi, akisikia redio ya jirani. Majirani wawili walipita wakamsalimia kama kawaida, naye akaitikia kama mtu aliyeiba salamu hizo. Akaingia.

Mama yake alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, anapinda pindo la shuka. Kwa mkono. Tangu mwaka ule wa msiba anashona kwa mkono, polepole, vidole vimepinda, na kila akiambiwa anunuliwe cherehani nyingine anasema hana haja nayo, aliyekuwa akimshonea hayupo.

"Umerudi, mwanangu? Wamempa shemeji yako haki yake?"

"Wamempa, mama."

"Nilijua tu. Ukiwapo wewe, nani wa kumdhulumu mtu?" Akamnyooshea sindano. "Hebu nitungie uzi. Macho yangu leo hayataki kazi."

Mama Risiti alipiga magoti mbele ya kiti, akachukua sindano na uzi. Uzi ulipita pembeni. Ukapita pembeni tena.

"Mama," alisema, bila kuinua kichwa. "Ile cherehani yako. Aliyeiuza ni mimi."

Mama alicheka kidogo, kicheko cha mzee anayeona mtoto amechanganya mambo. "Wewe? Si nilimpa mnunuzi kwa mikono yangu, hapo nje, nikiwa nimevaa khanga ya..."

Halafu akauona uso wa mwanawe, na kicheko kikamwishia mdomoni.